Pete ya uchumba: kwa kipato cha kawaida hapa Dar mwanaume atoe shilingi ngapi?

#1 Mtu wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja. Nina mchumba wangu, nataka nimvishe pete Desemba hii familia yake ikiwa imejaa nyumbani. Mimi niko kampuni ya klirensi hapa bandarini, nachoshika mkononi baada ya makato ni kama milioni moja na laki mbili. Mshikaji wangu wa ofisini ananiambia sheria ni mshahara wa miezi mitatu, yani milioni tatu na laki sita kwenye pete tu. Dada yangu anasema pete ya laki tatu inatosha kabisa, hela nyingine nipeleke kwenye mahari maana ukweni ni Wachaga na kule kuna mbege, kuna blanketi, kuna vitu vya mama na mashangazi. Huyu binti nampenda na sitaki aone aibu kwa wenzake ila pia sitaki tuanze maisha na deni. Hiyo sheria ya miezi mitatu imetoka wapi? Na nyie mlitoa ngapi? Waliooa na walioolewa naomba mseme ukweli.

#2 Chuma cha Magomeni
Miezi mitatu?? Halafu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita umwambie nini, akaangalie pete?

#3 Mama Tausi
Mwanangu wa #1, mimi ni mtu wa Tanga nimeolewa Dar zamani kidogo, nikwambie jinsi sisi tunavyoangalia hiki kitu. Kwetu dhahabu ya mwanamke ni akiba yake. Bangili, kidani, hereni, pete, vyote siku ya shida vinakwenda kwa sonara vinapimwa kwenye mzani unapewa hela. Mimi ada ya mwanangu wa kwanza kidato cha tano imetoka kwenye bangili na hakuna mtu aliyejua, hata baba yao alijua baadaye. Sasa hizi pete za mawe mnazoshindana nazo, jiwe linang'aa utafikiri taa, nenda kaiuze uone. Sonara anakutolea uzito wa jiwe pembeni anapima dhahabu peke yake, jiwe unarudishiwa kwenye karatasi. Kwahiyo swali lisiwe shilingi ngapi, swali liwe gramu ngapi na karati ngapi, yani usafi wa dhahabu yenyewe. Ukimpa gramu za maana umempa kitu. Ukimpa jiwe kubwa kwenye kipande chembamba cha dhahabu umempa picha.

#4 Msomaji wa Usiku
Nijibu swali la hiyo sheria imetoka wapi maana watu wanaitaja kama vile iko kwenye vitabu vya dini.

Ni tangazo la biashara. De Beers, kampuni ya almasi iliyoanzishwa na Cecil Rhodes Afrika Kusini mwaka 1888, iliajiri wakala wa matangazo Marekani anaitwa N. W. Ayer. Mwandishi wao mmoja, mwanamke, Frances Gerety, mwaka 1947 ndio akatunga ule msemo wa kwamba almasi ni ya milele. Kazi nyingine ya matangazo ilikuwa kumfundisha mwanaume atoe kiasi gani. Miaka ya 1930 walikuwa wanasema mshahara wa mwezi mmoja, kufika miaka ya 1980 Marekani ikawa miezi miwili, matangazo yakiuliza waziwazi. Hiyo mitatu ni ya Japani. Japani mwaka 1967 bibi harusi aliyevaa pete ya almasi alikuwa wa kuhesabu, chini ya asilimia 5. Kufika 1981 wakawa kama asilimia 60. Kizazi kimoja tu!

Kwahiyo mtu wa Tabata, mwenzako wa ofisini anakusomea tangazo la Tokyo.

#5 Kinyozi Mkuu
#4 umeeleza vizuri ila De Beers haijawahi kuweka bango Mbagala, na Mbagala watu wanavishana pete kila Jumamosi. Mimi sababu naiona nyingine, ni simu. Zamani mtu alikuwa anavishwa pete sebuleni mashahidi ni shangazi na jirani. Sasa hivi kuna mpiga picha, kuna maputo, kuna mtu wa drone, kuna marafiki wamejificha nyuma ya mapazia, na picha ya kwanza inayoenda mtandaoni ni mkono. Ukishajua mkono utapigwa picha karibu utanunua tofauti. Hakuna haja ya kwenda mpaka kwa Rhodes.

#6 Sonara wa Kisutu
Wakuu salaam. Niko kwenye hii kazi tangu kwa baba, naomba niweke hesabu maana naona watu wanataja laki tatu kama vile dhahabu bado ni ile ya zamani.

Bei ya dhahabu ya dunia inatajwa kwa wakia, wakia moja ni gramu 31.1. Machi 2025 wakia ilivuka dola 3,000 na Oktoba mwaka huohuo ikavuka dola 4,000. Tuchukue hiyo 4,000. Gawa kwa 31.1, gramu moja ya dhahabu safi, K24 yani karati 24, ni kama dola 128. Pete haitengenezwi kwa K24, ni laini mno, inapinda. K18 ina dhahabu asilimia 75 kwahiyo gramu ni kama dola 96. K14 asilimia 58.5, ni kama dola 75. K9 asilimia 37.5, kama dola 48. Dola tuiweke 2,500 ili hesabu iwe rahisi, wewe utaweka bei ya siku yako.

Pete ya kike ya kawaida ya gramu 4 kwa K18 ni kama laki tisa na elfu sitini, hiyo ni dhahabu tupu, sijaweka ufundi sijaweka jiwe sijaweka faida ya mwenye duka. Gramu 3 za K9 ni kama laki tatu na elfu sitini. Kwahiyo dada yako wa laki tatu anazungumzia K9 nyembamba sana, au fedha, au ya kuchovya. Siidharau yoyote, nataka tu ujue unanunua nini. Angalia muhuri kwa ndani: 750 ni K18, 585 ni K14, 375 ni K9, 925 ni fedha. Haina muhuri wala risiti, iache hapohapo.

#7 Chuma cha Magomeni
#6 mkuu shikamoo. Hii ndio elimu.

#8 Binti Sinza
Wanaume wote humu mnajadili na sonara, hakuna aliyemuuliza mwenye kidole 😀

Mimi nimevishwa mwaka jana. Pete yangu ni fedha 925 yenye jiwe la moissanite, lile linalofanana na almasi, sijui shilingi ngapi na sijauliza. Kilichonigusa ni kwamba alikuwa ameenda kwa mama kwanza, akaongea nae peke yake, akamwambia anataka nini na mimi na lini. Mama alilia. Kwa hiyo kwangu bei ya pete ni kitu cha mwisho. LAKINI nisiwadanganye, kuna wenzangu ambao pete ndogo kwao ni ujumbe. Mwanaume ana gari, ana kiwanja Goba, anabadilisha simu kila toleo, halafu pete imepauka wiki ya pili kidole kikawa kijani. Hapo tatizo halipo kwenye umaskini wake, mwanamke anasoma kwamba kwake yeye ndio amebania. Ndio maana swali lako halina namba moja, pete inapimwa na maisha ya huyohuyo anayeitoa.

#9 Kibosho Juu
Mimi ni Mchaga naomba nimwambie mtoa mada kitu ambacho hakuna aliyesema. Pete yako ukweni haijulikani. Narudia, haijulikani. Unaweza kumvisha almasi ya ukubwa wa punje ya hindi, wazee wakakuuliza wewe ni nani na ndugu zako wamekuja lini. Kinachojulikana ni barua, mshenga, na mbege ya watu wenye adabu. Hela uliyonayo iwekee pale. Pete ni ya kwenu wawili, fanya ya kawaida nzuri, mahari fanya ya heshima. Wengine wanaanza na pete hotelini kabla barua haijaenda, baba wa binti anaona kwenye simu ya mtu. Hapo umejiongezea faini mwenyewe.

#10 Mtu wa Tabata
#9 mkuu hilo la mwisho limenishtua. Barua imeshaenda ila jibu bado. Kwahiyo nisivishe mpaka jibu lije?

#11 Kibosho Juu
Subiri jibu. Mtume mshenga akawasalimie, usiende wewe.

#12 Wa Mikoani
Mi nashauri uzalendo, nunua tanzanite. Inapatikana sehemu moja tu duniani na ni kwetu, Mererani. Mzungu anatoka Marekani kuja kuitafuta sisi tunatafuta almasi. Rangi yake hakuna anayoifikia na bei ni nafuu kuliko almasi ya ukubwa uleule.

#13 Mchimbaji Mstaafu
#12 naipenda tanzanite kuliko mtu yeyote humu, imenilisha, lakini kwa pete ya kila siku naomba muwe waangalifu. Ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni kati ya 6 na 7. Almasi ni 10. Mchanga tunaoukanyaga hapa, ule wa ufukweni, mwingi ni madini ya kwazi ambayo ni 7. Maana yake vumbi la kawaida na mchanga wa Kigamboni vinaweza kuikwangua. Mama anayefua, anayesugua sufuria, anayekuna nazi, baada ya muda jiwe linapoteza mng'ao na kona zinakatika. Ni jiwe zuri sana kwa hereni na kidani. Ukiing'ang'ania kwenye pete mwambie sonara alizungushie ukingo wa dhahabu, asiiweke juu kwenye vijino vinne.

Ukitaka jiwe la nyumbani lenye nguvu, safaya. Tunduru zipo, bonde la Umba kule Tanga zipo, ugumu wake ni 9 na zina rangi kibao, bluu, njano, waridi, hata zinazobadilika rangi ukitoka juani kuingia kwenye taa. Au spineli ya Mahenge, 8, waridi kali. Watu wa Bangkok na Ulaya wanazigombania hizo, sisi hatuna habari.

#14 Wa Mikoani
Mkuu asante. Ila aliyegundua tanzanite ni Tiffany si ndio?

#15 Mchimbaji Mstaafu
Hapana!! Tiffany, kampuni ya vito ya New York, ililipatia tu jina la biashara mwaka 1968. Jiwe lilipatikana 1967, na serikali yetu inamtambua mzee Jumanne Ngoma. Aprili 2018 siku ya kuzindua ule ukuta wa kuzunguka migodi ya Mererani Rais Magufuli alimpa shilingi milioni 100 hadharani. Hili tusilichezee.

#16 Kinyozi Mkuu
Tukiongelea vya kwetu msisahau Mwadui. Malkia Elizabeth pete yake ya uchumba ilitokana na almasi ya pinki ya Shinyanga, aliyopewa na yule Williamson.

#17 Msomaji wa Usiku
#16 nusu ndio, nusu sio. John Williamson, Mkanada, mjiolojia, alipata mgodi Mwadui mwaka 1940. Almasi ya pinki ya karati 54.5 (kwenye mawe karati ni uzito, sio usafi kama kwenye dhahabu) ilipatikana 1947 na akampa Elizabeth kama zawadi ya harusi mwaka huohuo. Ikakatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 masonara wa Cartier wakaitengeneza iwe bruchi, pambo la kubana kwenye nguo, lenye umbo la ua. Pete ya uchumba ni habari nyingine kabisa. Mawe ya pete mchumba wake Philip aliyatoa kwenye taji la mama yake, Princess Alice.

Na hapo ndipo pa kusimama kidogo. Mtoto wa ufalme, anamchumbia atakayekuwa malkia wa Uingereza, na mawe ametoa kwa mama yake. Sijui kwanini kijana wa bandarini aambiwe miezi mitatu.

#18 Mama Tausi
Hilo la #17 nimelipenda sana. Na sisi pwani lipo, bibi anatoa pete yake inayeyushwa inatengenezwa upya kwa kidole cha mkwe. Unalipa ufundi tu. Mtu wa Tabata mama yako yupo? Muulize ana nini kwenye sanduku.

#19 Chuma cha Magomeni
Mama Tausi sasa unataka jamaa akampore mama yake

#20 Mama Tausi
Nimesema amuulize, mwanangu. Mama akipenda anatoa mwenyewe kwa furaha, na mkwe anaingia nyumba ile akiwa na kitu cha nyumba ile.

#21 Ustadh wa Ilala
Assalaam alaykum. Kwa Waislamu wenzangu mnaosoma, pete ya uchumba haina hukumu ya kuwa lazima. Kilicho lazima ni mahari, na mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, sio ya baba yake wala mjomba. Kuna hadithi sahihi mashuhuri ya yule mtu aliyetaka kuoa hana kitu, Mtume (s.a.w.) akamwambia akatafute japo pete ya chuma. Hakuipata hata hiyo, akaozeshwa kwa sehemu ya Qur'ani aliyoihifadhi. Halafu leo kijana anaacha kuoa miaka mitano anatafuta hela ya pete na ukumbi. Naumia sana nikiona hili mitaani kwetu, vijana wazuri wanakaa na dhambi kwa sababu ya jiwe.

#22 Dokta wa Mitaa
Kuna wachumi wawili wa chuo kikuu cha Emory Marekani mwaka 2014 walihoji watu zaidi ya 3,000 waliowahi kuoa au kuolewa. Wanaume waliotumia dola 2,000 mpaka 4,000 kwenye pete walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuachana kuliko waliotumia dola 500 mpaka 2,000. Nimeiweka hapa tu, kila mtu aamue.

#23 Binti Sinza
#22 hiyo haisemi pete ndio imewaachanisha. Inawezekana mtu anayetumia zaidi ya uwezo kwenye pete ndio huyohuyo atakayetumia zaidi ya uwezo kwenye kila kitu, madeni ndio yanaleta ugomvi. Na hao ni Wamarekani, ndoa zao hazina mshenga wala wazee wa kuwaita mkigombana.

#24 Mkaka wa Ubungo
Madeni umegusa penyewe. Mdogo wangu alichukua mkopo, hizi tunazoita kausha damu, kwa ajili ya pete na sapraizi kwenye mgahawa wa kule Masaki. Rejesho kila wiki. Kufika kwenye vikao vya harusi kamati inamuuliza bwana harusi ameanza na shilingi ngapi, ana sifuri, na wale wa mkopo wameshabeba friji na televisheni. Binti wa watu hakuwa na habari yoyote, alipojua alilia akasema angejua angevaa hata uzi. Wameoana na wanaishi vizuri, lakini mwaka mzima wa kwanza wanalipa jambo la jioni moja. Mtu wa Tabata naomba unielewe, chochote utakachoamua kitoke kwenye hela uliyonayo mfukoni.

#25 Mwanasheria Mtaani
Ngoja nilete upande ambao haujaguswa. Ikivunjika je? Watu wengi wanaamini zawadi haidaiwi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 71, inaruhusu kufungua shauri kudai zawadi iliyotolewa kwa matarajio ya ndoa ambayo haikufungwa, mahakama ikiridhika kwamba mtoaji aliitoa kwa sharti la ndoa kufungwa. Kama ilikuwa zawadi tu ya mapenzi, hudai. Na kifungu cha 69 kinaruhusu aliyeahidiwa ndoa akaachwa adai fidia, ila ni ya gharama alizoingia kweli kwa sababu ya ile ahadi, sio maumivu ya moyo.

Na hii inaingia kwenye swali la kwanini pete zimekuwa ghali. Marekani zamani mwanamke aliyeachwa aliweza kushtaki hivyohivyo. Kuanzia 1935 majimbo yakaanza kufuta haki hiyo moja baada ya jingine. Mtaalamu wa sheria anaitwa Margaret Brinig aliandika mwaka 1990 kwamba pete ya almasi ilipanda kwa sababu ilichukua nafasi ya ile kesi. Mwanaume anaweka dhamana kidoleni, akikimbia ameiacha. Kwahiyo #4 anasema matangazo, Brinig anasema dhamana. Mimi naona maelezo ya dhamana yana uzito zaidi, watu hawabadilishi desturi kwa tangazo tu.

#26 Msomaji wa Usiku
Mkuu #25 nakuheshimu ila Japani je? Japani hawakufuta sheria yoyote miaka ya 60, na pete zikapanda vilevile. Tangazo linatosha kabisa.

#27 Mwanasheria Mtaani
Japani ni kweli tangazo limefanya kazi kubwa. Ila tangazo linamea penye udongo, Japani tayari walikuwa na desturi ya yuino, familia ya kiume kupeleka zawadi ukweni. Pete ikaingia mlemle. Hata hapa, pete imeingia pale ambapo kishika uchumba kilikuwepo.

#28 Kinyozi Mkuu
Nyote mnaacha simu.

#29 Dada wa Chanika
Samahani nitoke nje ya mada kidogo, mwanasheria. Mimi na baba watoto tunaishi pamoja mwaka wa tano, hajawahi kunivisha pete wala barua. Je mimi ni nani kisheria?

#30 Mwanasheria Mtaani
Dada wa Chanika, kifungu cha 160 cha sheria hiyohiyo. Mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, sheria inadhania kwamba ni wanandoa. Ni dhana, inaweza kupingwa kwa ushahidi, na haikupi cheti. Ila ina maana kubwa ikifika kwenye matunzo ya watoto na haki nyingine mahakamani. Weka kumbukumbu zako, risiti za kiwanja, za ujenzi, majina ya majirani. Ukitaka nenda kwenye kituo cha msaada wa kisheria, usisubiri mpaka kuna ugomvi.

#31 Dada wa Chanika
Asante sana kaka. Pete naitaka bado lakini 😀

#32 Mbongo Houston
Kuna kitu huku kimebadilisha soko lote. Almasi za maabara. Ni almasi kamili, kaboni ileile, ugumu 10 uleule, wala sio plastiki kama watu wanavyodhani. Wamarekani wa General Electric walitengeneza tangu 1954, ila za vito zimejaa miaka hii. De Beers haohao wa #4 mwaka 2018 walianzisha chapa yao ya almasi za maabara wakauza karati moja dola 800, na 2025 wakatangaza wanaifunga maana bei zimeporomoka. Kwahiyo mtu akikwambia nunua almasi ni uwekezaji mwambie aangalie hapo. Nunua kwa sababu umeipenda.

#33 Sonara wa Kisutu
#32 uko sahihi. Naongeza tahadhari kwa walio hapa mjini. Kile kikalamu kinachopima almasi kwa joto kinadanganywa na moissanite, kinawaka kama almasi. Kwahiyo mtu akikupigia kikalamu dukani akakwambia umeona, imelia, ni almasi, haijathibitisha kitu. Dai cheti cha maabara ya vito chenye namba, na namba iwe imechongwa kwenye jiwe. Moissanite yenyewe ni jiwe zuri, ugumu 9.25, Mfaransa Henri Moissan aliiona 1893 kwenye mabaki ya kimondo Arizona, za siku hizi zote zinatengenezwa. Iuzwe kama moissanite kwa bei ya moissanite, kama ya Binti Sinza. Shida ni mtu anapolipa bei ya almasi.

#34 Binti Sinza
Sonara asante kunitetea. Na kitu kingine cha kumwambia mtoa mada, fikiria anasafiri na nini. Mimi napanda mwendokasi Ubungo mpaka Posta, asubuhi ile mnabanana mpaka pumzi inakata. Jiwe nageuza linaingia kiganjani. Mwenzangu mwenye K18 na jiwe kubwa anaiacha nyumbani Jumatatu mpaka Ijumaa anavaa kanisani. Kwahiyo amenunuliwa pete ya Jumapili. Yangu naivaa kila siku na hiyo naipenda zaidi.

#35 Kibosho Juu
Ila naomba tusifike mahali pa kumwambia kijana anunue kitu rahisi ili tu aonekane ana akili. Kuna raha ya mwanaume kujinyima na kumpa mwanamke wake kitu kizuri, hiyo raha ipo tangu enzi za ng'ombe. Baba yangu aliuza kahawa ya msimu mzima akamaliza mahari ya mama kwa mkupuo mmoja na mpaka leo mama anasimulia. Kiasi kiume kidogo. Kisipouma kabisa nacho sio kitu.

#36 Ustadh wa Ilala
#35 kuuma kwa hiari na uwezo, sawa. Kuuma kwa kushindana na watu, hapana.

#37 Mtu wa Tabata
Wakuu nimesoma yote, nawashukuru kwa kweli. Nimeongea na mama leo. Ana pete ya marehemu bibi, ya zamani, nzito, muhuri umefutika. Hajasema ndio wala hapana, amesema nimlete binti waonane kwanza wakae jikoni. Upande wangu nimejiwekea kisizidi laki nane pamoja na ufundi, ambayo ninayo tayari, na mahari ina fungu lake. Sonara, pete isiyo na muhuri mnajuaje ni karati ngapi? Na inawezekana kuitengeneza upya na safaya ya Tunduru?

#38 Sonara wa Kisutu
Inawezekana. Kuna jiwe la kupimia, tunasugua kidogo tunaweka tindikali tunalinganisha rangi, na wenye mashine ya mionzi wanapima bila kukwangua kabisa. Pima kabla ya kuyeyusha, pima uzito mbele yako, andikiana na fundi gramu zilizoingia na zilizotoka. Kwenye kuyeyusha na kupiga msasa kuna kidogo kinapotea, fundi mwaminifu atakwambia mapema ni kiasi gani. Kama ni nzito kweli inaweza kutoka pete ya uchumba na ya ndoa zote mbili.

#39 Mchimbaji Mstaafu
Safaya uliza kama imechomwa. Nyingi huchomwa kwenye tanuru ili rangi itulie na hilo ni jambo la kawaida sokoni, lakini ambayo haijachomwa bei yake ni tofauti, usilipe ya asili ukapewa iliyochomwa.

#40 Kinyozi Mkuu
Laki nane kwa mtu wa milioni moja na laki mbili, hapo ni chini ya mwezi mmoja. Mshikaji wako wa ofisini atakununia. Mrejesho tafadhali wazee wakijibu barua.

#41 Mkaka wa Ubungo
Laki nane bado naona ni nyingi kwa mtu anayeingia kwenye mahari ya Kichaga.

#42 Kibosho Juu
Mimi naona ni ndogo. Mwache.

#43 Hidaya wa Temeke
Samahani nimechelewa uzi. Mimi ni mwanamke na nataka kumnunulia mchumba wangu pete, yeye Muislamu, nimnunulie dhahabu ya gramu ngapi? Na saizi nitaipataje bila yeye kujua?

#44 Ustadh wa Ilala
Dada Hidaya, dhahabu kwa mwanaume wa Kiislamu ni haramu. Mnunulie fedha, hiyo inaruhusiwa.

#45 Sonara wa Kisutu
Fedha 925, gramu 6 mpaka 8 inakaa vizuri kwenye mkono wa kiume. Saizi, akivua pete yoyote anayovaa ichukue uipeleke, au ichore kwa ndani kwenye karatasi kwa kalamu nyembamba, ila uwe na uhakika anaivaa kidole hichohicho. Kama havai kabisa mpime amelala, jioni na sio alfajiri, maana kwa joto hili la Dar kidole cha jioni kimevimba na pete inayopita jioni ndio itakayokaa. Uje Jumanne au Jumatano, Jumamosi tunajaa.

#46 Hidaya wa Temeke
Nakuja Jumanne. Mnafungua saa ngapi?